Ramani ya Ndovu Haitakutoa Aberdare

Wasee wa haiki, leo tutakosana.

Umetuma pesa, mmejazana kwa matatu ya kukodi saa kumi na moja asubuhi mkielekea Aberdare, na ukimwuliza kiongozi ramani iko wapi, anakuonyesha simu. Simu! Ukungu ukishuka kule juu humwoni aliye hatua ishirini mbele yako. Baridi inamaliza chaji, netiweki ilibaki chini kwa lami, na ile nukta ya bluu inaelea kwa skrini tupu. Hapo kiongozi ni abiria kama wewe, tofauti ni kwamba yeye alikulipisha.

Mimi nataka karatasi, na si karatasi yoyote. Ile ramani ya watalii yenye picha ya ndovu ni pambo la ukutani. Kwa skeli ya 1:250,000, sentimita moja imemeza kilomita mbili na nusu. Korongo zima unalifunika na kucha. Anayetembea kwa miguu atafute 1:50,000: sentimita moja ni mita 500. Survey of Kenya wanazo, wako Ruaraka, hapo Thika Road. Kabla hujalipa, angalia kontua. Mistari ikibanana, hapo goti litalia. Angalia pia kama urefu ni mita ama futi, maana matoleo mengine ya zamani ni futi.

Najua kuna mtu atasema hizo ramani zimezeeka. Sawa, nyingi zilichorwa kutokana na picha za ndege za miongo iliyopita, na barabara zimebadilika, msitu pia. Lakini kilele cha Satima hakijahama. Mita 4,001, palepale.

Kinachoniudhi kabisa ni vile hakuna anayesoma maandishi ya pembeni. Ramani zetu nyingi zinahesabu mahali kwa mfumo wa Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Ukichukua namba za simu uzipachike kwa ramani hivyo hivyo, utajiweka karibu mita 300 kutoka ulipo. Kwa karatasi ni milimita sita tu. Kwa ukungu, ni upande mwingine wa korongo.

Kabla utume pesa ya haiki ijayo, uliza kwa grupu: nani anabeba 1:50,000, na anajua kuisoma? Wakikutoa kwa grupu, umeokoa nauli.