Pesa ya Mchango Isikae Kwenye Laini Yako, Hata Kama Wewe Ni Mwaminifu

Kama una simu hapa Kenya, unaijua ile meseji. Ina picha ya mtu amevaa helmeti, ramani ya njia kutoka Nairobi hadi Mombasa, maneno "hata mia moja itasaidia", halafu namba ya simu. Mwaka jana mtu wa helmeti nilikuwa mimi. Tulikuwa waendeshaji baiskeli wanane, siku nne, karibu kilomita 480, na tulikuwa tunachangisha pesa za matangi ya maji ya shule moja ya msingi kule Samburu. Sio Samburu ya kaskazini. Hii ni ile ya Kaunti ya Kwale, unaikuta kwa barabara ya Mombasa ukishapita Taru.

Habari za milima na upepo nitawapa, msijali. Lakini kilichonifanya niandike ni ile namba ya simu chini ya picha. Ilikuwa laini ya kibinafsi ya mweka hazina wetu. Leo naamini hilo ndilo lilikuwa kosa letu kubwa kuliko yote, hata kuliko kuondoka Nairobi na tyubu mbili za akiba kwa baiskeli nane.

Kwanza niseme wazi: jamaa huyu si mwizi. Tulimchagua kwa sababu ndiye pekee kati yetu ambaye ukimkopesha soo anarudisha soo, na siku ile ile aliyosema. Wiki ya kwanza watu tisa walimtumia jumla ya shilingi 6,700. Wa kwanza kabisa alikuwa mama anayeniuzia mboga karibu na stage. Alinisikia nikisimulia safari yetu, akafuta mikono kwa leso, akatoa simu na kutuma 200 pale pale. Kwa mtu anayeuza sukuma ya ishirini ishirini, hiyo si pesa ya kutupa.

Usiku wa siku ya nane mweka hazina akaandika kwenye grupu la WhatsApp, saa tano kasoro. Alikuwa amefuliza 2,300 siku chache kabla mchango kuanza, mtoto wake aliugua na mshahara ulikuwa bado. Na kama umewahi kufuliza, unajua inavyoenda: pesa yoyote inayoingia kwenye laini inalipa deni kwanza. Simu haiulizi kama hii ni mshahara ama ni ya watoto wa shule. Kwa hivyo ile 200 ya mama mboga, na za wengine waliofuata, ziliingia na kumezwa hapo hapo. Yeye mwenyewe hakubonyeza kitu. Kwenye 6,700, zilizobaki zilikuwa 4,400.

Grupu lilinyamaza kama dakika kumi. Kisha mtu mmoja akaandika "sawa, tutapanga", na nadhani kila mmoja wetu aliisoma mara mbili akijiuliza kama yeye angekuwa na ujasiri wa kusema. Maana angeweza kunyamaza tu. Mwisho wa mwezi angejaza pengo na hakuna ambaye angejua.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri tofauti. Sisi Wakenya tukiamua nani ashike pesa za mchango, swali letu huwa ni moja: ni mwaminifu? Ukishapata mwaminifu, unaweka namba yake na mambo yanaenda. Lakini uaminifu haukuwa na uwezo wa kuzuia kilichotokea. Laini ya mtu ni mfuko mmoja tu. Mle ndani kuna kodi ya nyumba, deni, nauli, pesa ya chama, na sasa umemwongezea pesa za watu wengine. Zote zina rangi moja. Akilipia unga kwa till asubuhi, amelipa kwa shilingi gani, yake ama ya tangi? Hata yeye hawezi kukuambia.

Na hiyo ni siku nzuri. Fikiria simu ikiibiwa kwa matatu na mwizi anaijua PIN. Ama, Mungu aepushe, mwenye laini afariki katikati ya mchango. Pesa ile iko kwenye laini yenye jina lake, na nyinyi mtaenda kusimama kwenye matanga kumweleza mjane kwamba kiasi fulani hapo si cha mumewe. Sijui mtu anaanza vipi sentensi kama hiyo.

Tulichofanya hakikuwa na uchawi wowote. Tulifungua akaunti ya kundi benki, kwa jina la kundi, yenye watia sahihi watatu na lazima wawili wakubaliane ndipo pesa itoke. Benki nyingi zina Paybill, kwa hivyo mtu anachangia kwa simu kama kawaida: anaweka namba ya Paybill ya benki, halafu kwenye sehemu ya akaunti anaweka namba yetu. Ilituchukua siku tisa, nyingi zikiwa za kutafuta muhuri na nakala za vitambulisho. Mmoja wetu alilalamika kwamba tunapoteza siku za kuchangisha, na kweli tulizipoteza. Mweka hazina alihamisha zile 4,400 mara moja, na mshahara ulipoingia akatuma 2,300 bila kukumbushwa.

Tukaweka pia sharti lingine ambalo lilizua kelele kuliko lile la benki. Kila mwendeshaji atajilipia safari yake. Mafuta ya gari la kutusindikiza, vyumba, chakula, maji, yote. Ilikuja 14,500 kwa kila kichwa, na kwa vijana ambao wengine wetu bado tuko kwa kazi za mkataba, hiyo inauma. Wawili walilipa kwa awamu. Lakini ningekuuliza wewe uliyetuma mia: ulituma ili mimi nilale kwa hoteli Voi?

Sasa barabara. Watu hudhani kwenda Mombasa ni mteremko tu, kwamba ukitoka Nairobi juu ya mita 1,600 unaachilia breki na kushuka hadi baharini. Hawajapanda vilima vya Salama na lori nyuma yao. Tulikwenda mwezi wa nane, na upepo wa kusi unavuma kutoka kule kule unakoelekea, kwa hivyo hata mteremko unaukanyaga. Siku ya kwanza tulilala Emali, na mimi nililala na viatu.

Siku ya pili tulisimama Makindu, kwenye hekalu la Kalasinga. Madereva wa masafa marefu wanalijua vizuri: unaingia, unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati, dengu na chai, na hakuna anayekuuliza dini wala anayekudai bei. Sanduku la sadaka lipo, lakini hakuna anayelitazama wakati unapita. Nilikula chapati nne. Nikiwa pale nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tumewasumbua watu kwa meseji wiki sita mfululizo, na nikaona aibu kidogo. Kidogo tu, kwa sababu tangi halinunuliwi kwa kunyamaza.

Tulipofika Mtito Andei jioni, simu zikapata moto. Kuna mtu alikuwa amechukua bango letu, picha zetu, hata maneno yetu, akafuta Paybill na kuweka namba yake ya simu. Lilikuwa linazunguka kwenye grupu za WhatsApp za watu tunaowajua. Rafiki yangu wa chuo alikuwa ametuma 500. Binamu yangu alikaribia kutuma 1,000, lakini kabla ya kuweka PIN akaona jina la mtu asiyemjua, akasita, akanipigia.

Hapa naomba unisikilize wewe unayetuma. Lile jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo halikuwekwa pale kama pambo. Bango likisema ni kundi na jina likawa la mtu binafsi, simama. Piga simu kwa yule mwendeshaji unayemjua, sio kwa namba iliyo kwenye bango. Na ukishakosea, omba pesa irudishwe dakika ile ile, usingoje kesho, kwa sababu aliyepokea akishaitoa mambo huwa magumu. Rafiki yangu aligundua siku ya tatu. Ile 500 haikurudi.

Lakini lawama nyingine ni yetu. Wiki ya kwanza sisi wenyewe tulikuwa tumewazoeza watu kwamba mchango wa kundi letu unaenda kwa namba ya simu yenye jina la mtu mmoja. Tapeli hakubuni chochote kipya. Alifuata mfano wetu.

Siku ya tatu, Mtito hadi Voi, ndiyo niliyoipenda. Mibuyu, vumbi jekundu, reli ya SGR pembeni, na mabango ya kukuonya kuhusu ndovu. Hatukuona ndovu hata mmoja, tuliona mavi yao barabarani, yakiwa bado mabichi, na tukaongeza mwendo bila mtu kuambiana. Siku ya nne ilikuwa ndefu kuliko zote, karibu kilomita 150, na katikati yake tulikata kona tukaingia shuleni. Watoto walikuwa likizo lakini wengi walikuja. Kona ya darasa moja kulikuwa na vidumu vya lita tano vimepangwa mstari, kila kimoja na jina kwa rangi. Mwalimu mkuu alitueleza kwamba shule ikifunguliwa kila mtoto huja na chake, maji ya kunywa na ya kuoshea vyombo vya uji. Asiye na maji nyumbani anakuja na kidumu kitupu, anaona haya.

Mjomba wangu, ambaye ni mhasibu na hapendi mchezo, aliniuliza swali kabla hatujaondoka: "Nyinyi wanane mnatumia zaidi ya laki moja kwenda kutoka jasho. Kwa nini msipeleke hiyo laki shuleni mkae nyumbani?" Hesabu yake ni sahihi. Mara nane ya 14,500 ni 116,000, na hilo ni tangi moja na chenji. Jibu langu ni kwamba bila safari, ile laki ingebaki laki. Watu walitupa 312,450 kwa sababu walituona tukifanya mazoezi barabara ya Thika alfajiri, wakatucheka, wakauliza, wakatuma. Mtu huchangia jasho analoliona. Lakini nakubali kwamba jibu hili linasimama tu kama safari tumejilipia wenyewe. Kama 116,000 ingetoka kwenye mchango, mjomba angekuwa ameshinda na ningefunga mdomo.

Nilikuwa shule ya msingi mwaka 2011, wakati wa ule ukame na kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa milioni 500 na lilipitwa, na sehemu kubwa ya hadithi ile ilikuwa watu wa kawaida wakituma pesa kidogo kidogo kwa simu. Nyumbani kwetu mama alituma pia. Hakumjua mtu hata mmoja kwenye kamati, alijua tu namba ni ya kampeni na nchi nzima inaitazama. Kundi la baiskeli nane haliwezi kutazamwa na nchi nzima, lakini linaweza kutazamwa na watu waliolituma.

Kwa hivyo tulitoa hesabu, shilingi kwa shilingi, kwenye grupu zile zile tulizoombea. Matangi mawili ya lita 10,000, 168,000. Gata, mabomba na fundi, 74,300. Misingi ya mawe na saruji, 46,500. Usafiri, 18,000. Makato ya benki, 1,210. Ikabaki 4,440, tukabishana siku mbili, mwishowe ikanunua mifereji ya chuma yenye kufuli kwa sababu mwalimu mkuu alisema ile ya plastiki mbuzi wataimaliza. Tuliambatanisha taarifa ya benki, tukiwa tumefunika namba za simu za watu. Ukipost picha ya meseji yako ya malipo, fanya hivyo hivyo: funika namba, na funika salio lako, si la kila mtu kuliona.

Mvua za vuli zilipokuja, nilimpelekea mama mboga picha ya tangi pamoja na ile taarifa. Alivaa miwani. Akashuka na kidole, jina baada ya jina, hadi chini, akarudi juu.

"Mwanangu, mimi siko hapa."

Na kweli hakuwepo. Mia mbili yake ilikuwa ndani ya zile 2,300 zilizolipwa mwisho wa mwezi, mstari mmoja wenye jina la mweka hazina. Nilimweleza yote, kufuliza, deni, mshahara, kila kitu, nikiwa nimeshika fungu la sukuma. Hakukasirika. Aliuliza tu mtoto wa yule jamaa alipona, nikasema ndiyo mama, alipona.

Mwezi wa nane tunaondoka tena. Wiki iliyopita aliniambia niandike namba ya Paybill na ya akaunti kwenye kipande cha katoni, kwa herufi kubwa, na amekibandika kwenye kibanda chake karibu na bei ya nyanya.