Waacheni mafundi wetu washone sare

Mhariri,

Kila Januari wazazi wengi Kitale na Bungoma huelekezwa kununua sare katika duka moja tu, ilhali vikundi vya kina mama washonaji viko papo hapo mtaani. Kaptula zao nimezikagua: mshono wa nyuma umepigwa mara mbili, pindo limeachwa pana, literemshwe mtoto akirefuka. Ndizo zinazowaletea kina mama hao unga na karo.

Vikundi hivi vinaweza pia kuomba kazi ya serikali: nchini Kenya, tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini kikundi kilichokopa kitambaa kitangojaje malipo kwa miezi? Serikali za kaunti ziwalipe washonaji wakishakabidhi kazi, nao walimu wakuu wawaachie wazazi wachague fundi.

Mzazi,
Kitale