Barakoa na Madirisha ya Mkiwa

Maoni ya Wiki, na Selemani Mghwai

Pale Mkiwa, ambapo barabara ya Itigi huachana na ile iendayo Singida mjini, upepo wa kipupwe unapovuma tangu alfajiri na kuingiza vumbi na baridi darasani, mwalimu mwenye huruma aghalabu hufunga madirisha ili wanafunzi wasitetemeke, na kwa huruma hiyo hiyo akawafungia ndani pamoja na kikohozi cha mmoja wao.

Hofu ya kikohozi kama hicho si ngeni: shule zetu zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa, na za msingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni, katikati ya majira hayo ya baridi. Wakenya, walipoanza kuwarudisha wanafunzi wao Oktoba ya mwaka ule, waliifanya barakoa kuwa sharti.

Mimi siipingi barakoa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walinena kwa busara Agosti 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 au chini yake asilazimishwe, wa miaka 6 hadi 11 itazamwe hali ya mahali alipo, na wa miaka 12 na zaidi avae kama mtu mzima. Ila amri ya kuvaa barakoa ina sifa iwapendezayo wakubwa, nayo ni kwamba gharama yake humwangukia mzazi, mkulima wa alizeti ambaye, maadamu ana watoto wanne shuleni, atanunua kitambaa kimoja kwa kila mmoja, nacho kitalowa kabla ya saa nne na wakati wa mapumziko kitabadilishwa na cha jirani wa dawati.

Fauka ya hayo, maradhi hayana njia moja. Surua hukingwa kwa chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18. Na yale macho mekundu yaliyoenea nchini Januari 2024 yalipita mikononi, ambako dawa ni maji na sabuni, yaani kibuyu chirizi kisichokauka.

Basi Halmashauri ya Ikungi, inayoisimamia Mkiwa, kabla ya kuandika waraka wowote wa barakoa, na iulize ni madarasa mangapi yana madirisha yanayofunguka na maji karibu na mlango, kisha iwaagize walimu wakuu kwamba mtoto anayekohoa apumzike nyumbani hadi apone, pasipo kuandikwa mtoro.