BAISKELI YA UMEME IANZE NA BREKI

Ni jambo la kutia moyo kuona kwamba siku hizi kijana mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba, mwenye spana zake, mashine ya kuchomelea vyuma na subira ya kutosha, aweza kujiundia mwenyewe chombo kinachokwenda kwa nguvu za umeme. Hatusemi habari za motokaa. Tunasema habari za baiskeli, na hasa ile baiskeli ya Kimarekani iitwayo kruza, yenye tairi nene, kiti kipana, usukani uliopinda kumwelekea mpandaji na fremu ya chuma yenye mapindo ya kupendeza macho. Huko Marekani watu wengi wamezoea kuzichukua kruza kuukuu, kuzipaka rangi upya, kuzitia mota na betri, kisha kuzipanda barabarani kwa fahari. Hapana shaka kwamba ufundi wa namna hiyo haukomi kwenye bahari. Vijana wetu nao wanao, na vifaa vinafika madukani.

Tunaunga mkono kazi hiyo. Hata hivyo tunaiunga mkono kwa sharti moja, nalo ni kwamba mjenzi aanzie pale ambapo wengi humalizia, yaani kwenye breki na kwenye betri. Mwendo wa kasi utakuja wenyewe, hauhitaji kubembelezwa.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba baiskeli ya umeme si uvumbuzi wa jana. Tarehe 31 Desemba 1895 mtu mmoja aitwaye Ogden Bolton, wa mji wa Canton katika jimbo la Ohio, alipewa hataza ya baiskeli iliyokuwa na mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, haina gia, na betri ya volti 10 ikiwa imefungwa katikati ya fremu. Mwaka uo huo wa 1895, mjini Chicago, ilianzishwa kampuni ya Arnold, Schwinn, ambayo baadaye ndiyo iliyoipa kruza umbo lake. Mwaka 1933 kampuni hiyo ilileta sokoni baiskeli yenye tairi za upana wa inchi 2 na moja ya nane, ambazo zilimeza mashimo ya barabara kama mto wa sufi. Mwaka 1934 ikafuata ile iliyoitwa Aerocycle, nayo ilibandikwa tangi katikati ya fremu ili ifanane na pikipiki. Tangi lile halikuwa na petroli wala halikuwa na kazi. Lilikuwa pambo tu la kuwafurahisha watoto. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba miaka mingi baadaye mafundi wa nyumbani wamelipatia tangi hilo kazi iliyolistahili tangu mwanzo, kwani ndimo wanamoficha betri.

Kilichokuwa kimemkosesha Bolton mafanikio ni betri. Betri za risasi ni nzito mno: tatu za volti 12, zenye ampea-saa 12 kila moja, hufikia kilo 12 hivi. Betri za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na ambazo waasisi wake walitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 2019, ziliibadili hesabu yote. Leo betri ya volti 36 na ampea-saa 10 haizidi kilo 3 kwa kawaida. Ukizidisha tarakimu hizo mbili wapata wati-saa 360. Mpandaji anayekanyaga pedali kwa bidii ya wastani, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa katika nchi tambarare, hutumia wati-saa 10 hadi 12 kwa kilomita moja. Basi atakwenda kilomita 30 hivi kabla ya kurudi kwenye chaja. Na kuijaza tena betri hiyo hakumalizi hata nusu ya uniti moja ya umeme. Hapo ndipo penye faida ya chombo hiki kwa mtu wa kipato cha kawaida, na hatuoni sababu ya kumvunja moyo.

Tuje sasa kwenye ujenzi. Njia iliyo rahisi zaidi ni ile ile ya Bolton: kununua gurudumu ambalo mota imo ndani ya kitovu chake, kulifunga mahali pa gurudumu la zamani, kisha kuunganisha kidhibiti, betri na kishikio cha kuongezea mwendo. Mtu mwenye mikono mizuri huimaliza kazi hiyo kwa siku moja ya Jumamosi. Kwa sababu hiyo, wengi hudhani kwamba kazi imekwisha.

Haijaisha. Mota hiyo inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli yake nayo husukumwa kuzunguka kwa kinyume, na kinachoizuia ni ule ufa mdogo wa fremu au wa uma ambamo imekaa. Kwa baiskeli ya kawaida ufa ule haukubuniwa kwa ajili ya mzigo wa namna hiyo. Ukipanuka, ekseli huzunguka, waya zinazopita ndani yake hukatika, na gurudumu laweza kuchomoka. Ikiwa ni gurudumu la mbele, mpandaji ataipata habari hiyo kwa meno yake. Dawa yake ni kipande cha chuma kinachoikamata ekseli na kufungwa imara kwenye uma au kwenye fremu, kitu ambacho fundi yeyote wa kuchomelea aweza kukikata. Aidha, asitie kamwe mota ya mbele kwenye uma wa aluminiamu. Uma wa kruza kuukuu ni wa chuma, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kuipenda.

Lakini kruza ina upungufu wake, na upungufu huo ni breki. Nyingi zilitengenezwa na breki moja tu, ile iliyomo ndani ya kitovu cha nyuma, ambayo mpandaji huikamata kwa kukanyaga pedali kinyume. Kwa mtoto wa Chicago aliyekwenda kununua mkate ilitosha. Kwenye mlima ni habari nyingine. Tarehe 21 Oktoba 1976, katika wilaya ya Marin jimboni California, vijana waliozipenda kruza kuukuu walianza mashindano ya kuteremka mlima kwa njia ya vumbi, mteremko wa karibu mita 400 katika mwendo wa kilomita 3 na ushei. Breki zile zilipata moto hata grisi iliyomo ndani ikageuka moshi, na baada ya mteremko kitovu kilipaswa kufunguliwa na kujazwa grisi upya. Kutokana na kazi hiyo ya kujaza upya, mashindano yakapewa jina la Repack. Na hizo zilikuwa baiskeli zisizo na mota.

Mtu akiongeza mota na betri ameongeza kilo 8 au 10 juu ya chombo ambacho tayari ni kizito. Akiongeza mwendo kutoka kilomita 16 hadi 32 kwa saa, hakuiongeza mara mbili kazi ya breki, bali ameiongeza mara nne, kwani nguvu inayopaswa kuzimwa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kwa hiyo tunasema waziwazi: kruza yenye breki moja ya kukanyaga isitiwe mota mpaka itiwe breki nyingine ya mbele, nayo iwe imara. Kama rimu ni zile za zamani zenye kung'aa, afahamu kwamba raba za breki huteleza juu yake mvua inyeshapo. Aweke rimu za aluminiamu, au breki za sahani iwapo fremu na uma vyaweza kupokea. Mipini ya breki iwe ile yenye swichi ndani, inayokata umeme wa mota mara tu inapovutwa. Bei yake ni ndogo kuliko ya taa za mapambo, ambazo tumeziona kwenye baiskeli zisizoweza kusimama.

Sasa betri, na hapa twaomba msomaji avumilie, kwa kuwa hapa ndipo penye hatari inayowafikia hata wasiopanda baiskeli.

Betri ya volti 36 tuliyoitaja ni seli ndogo zilizofungwa pamoja, tuseme 40, katika makundi 10 yaliyofuatana, kila kundi lina seli 4 sambamba. Seli moja ikijaa hufikia volti 4.2, na betri nzima volti 42. Kati ya seli hizo huwekwa saketi ya ulinzi ambayo kazi yake ni kulitazama kila kundi na kukata umeme iwapo moja limezidi au limepungua mno. Seli za lithiamu hazisamehe. Ikijazwa kupita kiasi, au ikitobolewa, au ikiwa na hitilafu ndani, seli hupata joto, joto huzaa gesi inayowaka, na moto wa seli moja huiwasha jirani yake. Jambo zima laweza kuanza na kuenea kabla mtu aliyelala hajajua kilichomwamsha.

Mjenzi wa nyumbani, kwa kutafuta urahisi wa bei, hushawishika kuzikusanya seli kutoka betri za kompyuta zilizotupwa na kuziunganisha mwenyewe. Tunaelewa kishawishi hicho. Lakini seli hizo hazilingani umri wala nguvu. Iliyo dhaifu hujaa mapema na kuisha mapema kuliko wenzake, na kila safari huidhoofisha zaidi. Askari anayefundishwa kuifungua bunduki hufundishwa, kabla ya jambo lingine lolote, kuhakikisha kwamba chemba haina risasi. Betri ya lithiamu haina namna ya kuondolewa risasi. Hata ikionekana imekufa, nguvu imo.

Mji wa New York umeyaona haya. Mwaka 2023 idara yake ya zimamoto ilihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu, nayo iliua watu 18. Miongoni mwa waliohusika wamo wachukuzi wa vyakula wanaochaji baiskeli zao karibu na mlango kwa sababu hapana mahali pengine. Moto unapozuka, njia ya kutokea ndiyo inayowaka. Baraza la mji huo lilipitisha sheria mwaka uo huo kwamba baiskeli na betri zinazouzwa ziwe zimepimwa kwa viwango maalumu, na likakataza kuunganisha betri kwa seli zilizotolewa katika betri zilizokwisha kutumika.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kumkataza fundi wa nyumbani asiguse umeme kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Katazo la jumla humfukuza fundi mwangalifu na kumwacha mzembe afanye kazi yake gizani. Lililo la haki ni kumwachia fremu, rangi, gurudumu, uma na breki, mambo ambayo jicho na spana vyaweza kuyahakikisha, na kumtaka betri ainunue ikiwa imekamilika, yenye saketi yake ya ulinzi na chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kwa kruza tungependekeza hasa lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ambayo ni nzito zaidi lakini hustahimili joto vizuri kuliko zile nyingine. Mwenye kruza hana sababu ya kuogopa kilo mbili za ziada.

Kuhusu nguvu za mota, nchi nyingine zimekwisha kuweka mipaka. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 huihesabu kuwa baiskeli ile yenye mota isiyofikia wati 750 na isiyopita kilomita 32 kwa saa kwa nguvu ya mota pekee. Nchi za Umoja wa Ulaya ni kali zaidi: wati 250, na mota hukatika mwendo ukifika kilomita 25. Kwetu sisi mpaka wa Ulaya ungefaa mijini, ingawa kwa milima ya Kabale wati 250 ni chache, na mtu aliyebeba mzigo asilaumiwe akitaka zaidi.

Kwa maana hapa Uganda baiskeli si mchezo wa Jumapili. Tangu enzi ambazo wasafiri walivushwa kwa baiskeli pale mpakani Busia, na jina la boda boda likazaliwa, chombo hiki kimelisha nyumba nyingi. Siku baiskeli za umeme zitakapoenea kwa mafundi wa vijijini, hazitabeba mtu mmoja mwenye miwani ya jua. Zitabeba abiria, matoke na watoto wa shule, kwenye fremu zenye breki za vyuma vya fito, tena kwenye miteremko.

Kwa hiyo tungependa wenye mamlaka ya barabara na viwango waanze sasa na jambo dogo: mahali pa ukaguzi katika kila mji mkubwa, ambapo mjenzi ataileta baiskeli yake bila kuogopa kunyang'anywa. Mkaguzi aitazame ekseli kama imekamatwa. Aijaribu kila breki peke yake, akiwa amempakia mpandaji na mzigo wake. Alinganishe volti za chaja na za betri, atafute fyuzi kwenye waya unaotoka betri, na aangalie kama nyaya zimefungwa mbali na mnyororo. Kazi hiyo haifiki nusu saa.

Na mjenzi, kabla hajaipeleka huko, aihamishe chaja yake kutoka pale mlangoni.