Apartament si nyumba tu

Katika zoezi la tafsiri muhula huu tulipewa maelezo ya Kifaransa kuhusu makao ya Kraków, mji wa kale wa Polandi, yenye maneno kadhaa ya Kipolandi ndani yake. Wengi wetu, nami nikiwamo, tuliandika “nyumba” kila mahali, tukaona tumemaliza. Leo nasema tulikosea.

Kuna kwanza kamienica. Neno limetoka kwa kamień, yaani jiwe, lakini msiandike “nyumba ya mawe”: nyingi, hasa za karne ya 19, ni za matofali yaliyopigwa lipu. Ni nyumba ya ghorofa iliyobanana na jirani ukuta kwa ukuta, yenye lango la barabarani na ua mdogo ndani. Kisha kuna blok. Mwaka 1949 serikali ya kikomunisti ilianza kujenga Nowa Huta, kando ya Kraków, kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Baadaye zikaja blok za vipande vya zege vilivyotoka kiwandani tayari. Huku na huku, makao ya familia moja huitwa mieszkanie, kutoka kitenzi mieszkać, kukaa.

Sasa tazameni viambishi. Kamienica imezaa kamienicznik, mwenye nyumba za kupangisha, jina lililonuka unyonyaji wakati wa ukomunisti. Blok imezaa blokers, kijana wa mitaa hiyo anayeshinda mlangoni bila kazi. Si majina mazuri, lakini ni majina ya watu.

Halafu likaja apartament. Kwa Kifaransa appartement ni makao yoyote ya ghorofani. Kwa Kipolandi ni makao ya fahari, na katika matangazo ya mji wa kale mara nyingi ni vyumba vya watalii wa siku mbili tatu. Limezaa apartamentowiec. Kiambishi -owiec kinaweza kutaja mtu (naukowiec ni mwanasayansi), ila hapa kimetaja jengo. Mkaaji hana jina.

Mwenzangu mmoja alinipinga: wieżowiec, jengo refu la ghorofa nyingi, nalo ni jengo, bila mtalii yeyote. Ana haki. Kiambishi peke yake si ushahidi. Lakini katikati ya Kraków, panapolindwa na UNESCO tangu 1978, wakaaji wamekuwa wakipungua na vyumba vya wageni vikiongezeka. Neno mieszkanie likitoka kwenye tangazo na apartament likaingia, mara nyingi kuna familia iliyohama. Tukiandika “nyumba” kote, familia hiyo tunaihamisha mara ya pili.

Zoezi lijalo nitayaacha maneno hayo jinsi yalivyo, na maelezo mafupi mara ya kwanza. Sisi wa Katanga hatungekubali mgeni aandike lupango kuwa “nyumba”, wakati ndani yake mna nyumba tatu, kisima na mwembe. Mwalimu akinikata alama, nitamwomba tuzungumze.