Motokaa Kuukuu: Mwaka Wake na Aibu Yake



Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alinijia mzazi wa wanafunzi wetu na jambo lililomnyima usingizi. Alikuwa na Toyota Corolla ya mwaka 2001, ya injini ya 1800, naye alitaka kuiuza apate karo ya wanawe wawili. Injini ile ilikuwa ikila oili. Fundi mmoja alimwambia atie oili nzito siku ya kuuza ili moshi usionekane. Akaniuliza: "Maalim, nikinyamaza nina dhambi? Mimi mwenyewe niliuziwa hivi hivi."

Kabla ya kutaja jawabu nililompa, yafaa tuseme kwanza na mnunuzi, kwani udanganyifu hupata njia kwa asiyejua.

Sheria ya Kenya haikubali kuleta kutoka ng'ambo motokaa iliyopita miaka minane. Kwa hivyo Corolla hizi za zamani zimo nchini tangu hapo, nazo zimepita mikononi mwa watu wengi. Mwenye kipato kidogo huangukia kwazo. Basi na ajue kwamba jina huwa moja na miaka isifanane.

Zilizotengenezwa kati ya 1995 na 2000, za injini ya 5A, ni ngumu, na mafundi wanazijua. Lakini injini hiyo ina mkanda wa mpira ndani, nao hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Asiyeonyeshwa ushahidi kwamba umebadilishwa, na aihesabu gharama hiyo juu ya bei.

Mwaka 2000 likatoka umbo jipya, ambalo wengi wetu huliita NZE kwa jina la injini yake ndogo, ya 1500. Injini hiyo ina mnyororo wa chuma badala ya mkanda, nayo hudumu sana ikibadilishiwa oili kwa wakati. Ile ya 1800, ya 1ZZ, katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa na kasoro katika pistoni: vitundu vya kurudishia oili vilikuwa vidogo, vikaziba kwa masizi, na oili ikapanda juu na kuungua. Baadaye Toyota ilizirekebisha pistoni hizo. Basi mwenye kuniuliza humwambia: tafuta ya 1500, ya 2004 mpaka 2006, ambazo zilitengenezwa baada ya miaka ya majaribio kupita.

Liko jambo kubwa kuliko oili. Mwaka 2013 Toyota iliagiza zirudishwe motokaa zilizotengenezwa kati ya Novemba 2000 na Machi 2004, Corolla zikiwamo, kwa ajili ya mfuko wa hewa wa abiria wa mbele uliotengenezwa na Takata. Baadaye miaka mingine nayo iliongezwa. Dawa ya kuujaza mfuko huo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikiwaka hupasua kikasha chake cha chuma, na vipande hurukia watu. Wako waliokufa katika nchi mbalimbali. Nasi wa pwani joto na unyevu tunavyo mwaka mzima! Chukua nambari ya chesisi, uipeleke kwa wakala wa Toyota aikague, wala usimkalishe mtu mbele mpaka upate jawabu.

Tena usitosheke na mwaka ulioandikwa katika karatasi. Motokaa ya Kijapani yaweza kutengenezwa mwaka mmoja na kuandikishwa mwaka wa pili, na nambari yake ya chesisi haitaji mwaka kwa macho ya kila mtu. Tazama kitambulisho kilichoshonwa chini ya mkanda wa kiti. Mara nyingi huwa na tarehe. Saa ya kilomita nayo hurudishwa nyuma. Ikisema 80,000, na mpira wa pedali ya breki umelika na usukani umechubuka, amini pedali.

Sasa turudi kwa yule mzazi. Nilimkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi. Oili nzito ndiyo nafaka kavu iliyowekwa juu. Na kusema "nauza kama ilivyo" hakumwokoi aliyeijua aibu akaificha. Mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha, lakini afanye haraka, asiitumie mwezi mzima kwanza. Na kwamba yeye aliuziwa hivyo hivyo, hiyo ni dhulma ya aliyemuuzia. Akiipitisha kwa mwingine itakuwa yake.

Alinyamaza, kisha akasema: "Na karo, Maalim?" Sikuwa na jawabu jepesi. Nilimwambia karo ya watoto wanaosomeshwa halali na haramu isianzie hapo.

Aliiuza kwa fundi, akiwa amemweleza yote, kwa bei pungufu. Karo ya mtoto mmoja ilitimia. Ya wa pili analipa kidogo kidogo. Bado namwona sala ya Alfajiri, naye huja kwa miguu.

Wabillahi tawfiq.