Kutoka Kingerikiti hadi Bungeni: Nani anakagua ruzuku ya mbolea?

Katika Kata ya Kingerikiti, Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya milima ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa, mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Mkulima wa mahindi ambaye mvua za kwanza zinamkuta bila mbolea ya kupandia hana nafasi nyingine hadi mwaka unaofuata. Ndiyo maana mazungumzo ya ruzuku vijijini huwa ya tarehe na bei: mfuko utafika lini, na utauzwa shilingi ngapi.

Lipo swali la tatu ambalo husikika mara chache zaidi. Fedha yenyewe ya ruzuku hulipwa nani, na nani huthibitisha kuwa ililipwa kwa haki?

Mpango wa sasa wa ruzuku ya mbolea ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha maonesho ya Nane Nane jijini Mbeya. Bei ya mbolea duniani ilikuwa imepanda kutokana na athari za janga la UVIKO-19 na vita kati ya Urusi na Ukraine, na mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP ulikuwa umevuka shilingi 120,000 madukani. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23, na mkulima aliyesajiliwa akanunua mfuko huo kwa shilingi 70,000.

Mkulima hakupewa fedha mkononi. Alilipa sehemu yake dukani, na tofauti kati ya alicholipa na bei halisi ikabaki kuwa dai la wafanyabiashara wa mbolea kwa Serikali. Kwa lugha ya hesabu, basi, ruzuku inayoitwa ya mkulima ni malipo ya Serikali kwa biashara binafsi, kwa niaba ya mkulima. Jambo hili halina ubaya wowote, kwani Serikali haina maduka ya mbolea kila kata na wafanyabiashara wanayo, au angalau wanaweza kuwa nayo. Hata hivyo linabadilisha swali la udhibiti. Anayedai malipo ni kampuni, na ushahidi wa dai lake ni mkulima aliyesimama mbele ya kaunta.

Tanzania ilijifunza somo hilo kwa gharama. Kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14, Serikali kwa kushirikiana na Benki ya Dunia ilitekeleza mpango wa taifa wa vocha za pembejeo. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha zilizobeba takribani nusu ya gharama ya mbolea na mbegu za ekari moja ya mahindi au mpunga. Kamati ya Vocha ya Kijiji ilipendekeza majina, mkulima akapeleka vocha kwa wakala wa pembejeo, na wakala akaiwasilisha benki ya NMB ili alipwe. Karatasi ilipita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na nafasi ya kuipotosha.

Udhaifu ulianzia kwenye uteuzi. Utafiti wa Lei Pan na Luc Christiaensen kuhusu mkoa wa Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2012, ulionesha kuwa takribani asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilifika katika kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa, na kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi katika jamii za mbali na zenye tofauti kubwa ya kipato. Udhaifu wa pili ulikuwa dukani. Mkulima asiye na fedha ya kuchangia nusu yake aliweza kutia saini vocha, akapokea fedha kidogo kutoka kwa wakala na kuondoka bila mbolea, huku wakala akidai malipo kamili. Kwenye makaratasi kila kitu kilikuwa sahihi: jina lipo, saini ipo, mhuri upo. Shamba tu ndilo lililokosa mbolea.

Vocha ziliporejea msimu wa 2015/16, madai ya mawakala yalifika Serikalini kwa wingi uliolazimu uhakiki wa kijiji kwa kijiji kabla ya kulipa. Sehemu ya madai ilibainika kuwa na udanganyifu. Wakati huo huo, mawakala waliokuwa wamesambaza mbolea kwa uaminifu walisubiri malipo yao kwa muda mrefu pamoja na wadanganyifu, baadhi wakiwa na mikopo ya benki. Hasara ya namna hii huandikwa kwa nadra katika taarifa, ilhali ni kubwa: kumbukumbu zinapokuwa dhaifu, mfanyabiashara mwaminifu hana namna ya kujitofautisha na mwizi.

Mfumo wa mwaka 2022 ulibuniwa kuziba mianya hiyo. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), iliyoundwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Sheria hiyo inaipa mamlaka ya kusajili aina za mbolea, kutoa leseni kwa wafanyabiashara, kukagua maghala na kuchukua sampuli. Mkulima husajiliwa katika kijiji chake na kupewa namba. Mfuko hubeba alama ya utambulisho inayosomwa kwa simu, na wakala anapouza huunganisha namba ya mkulima na alama ya mfuko katika mfumo wa kidijitali. Dai la malipo hutokana na miamala hiyo.

Ni hatua kubwa. Ila mfumo wa kidijitali huhamisha mwanya kwenda mahali pengine, haufuti mianya yote. Vocha iliweza kughushiwa. Leo kinachoweza kughushiwa ni ukubwa wa shamba. Kiasi cha mbolea anachostahili mkulima hutegemea ekari zilizoandikwa katika daftari la usajili, na daftari hilo hujazwa kijijini. Ekari mbili zikiandikwa ishirini, mashine itaziamini na mfuko wa ziada utapata njia ya kutoka dukani ukiwa na muamala halali kabisa. Katika milima ya Umatengo, ambako mashamba ya ngoro yamekaa vipande vipande juu ya miteremko, kuyapima si kazi ya kukaa ofisini. Afisa Mtendaji wa Kijiji na afisa ugani wanaoandika namba hizo ndio, kwa kweli, wadhibiti wa kwanza wa fedha hizi.

Mwanya mwingine umo ndani ya mfuko. Nchini Kenya, Machi 2024, waandishi wa habari walifichua kuwa mifuko iliyouzwa kwa wakulima kama mbolea ya ruzuku, kupitia maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, haikuwa na mbolea iliyoandikwa juu yake. Suala hilo lilifika katika Bunge la Taifa, ambalo mwanzoni mwa Mei lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati maalumu ya wabunge 11 ikaeleza siku chache baadaye kuwa tuhuma dhidi yake hazikuthibitishwa. Alama ya utambulisho huthibitisha kuwa mfuko umeuzwa. Kilichomo huthibitishwa na maabara pekee, na sampuli lazima ichukuliwe kabla mbolea haijafukiwa ardhini.

Udhibiti huo wote hufanywa na vyombo vya Serikali vinavyotekeleza mpango wenyewe. Mapitio huru ni jambo lingine, na katika Tanzania yamewekwa kwenye Katiba. Ibara ya 143 inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kukagua hesabu angalau mara moja kila mwaka, na inamkinga dhidi ya amri au maelekezo ya mtu au idara yoyote katika kazi hiyo. Taarifa yake hukabidhiwa kwa Rais, ambaye huagiza iwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao kinachofuata. Rais asipofanya hivyo, CAG huipeleka kwa Spika mwenyewe. Aidha, Sheria ya Ukaguzi wa Umma inamruhusu kufanya ukaguzi wa ufanisi, yaani kuuliza iwapo fedha ilifanya kazi iliyokusudiwa, hata pale ambapo stakabadhi zote zimekamilika. Kwa ruzuku, hilo ndilo swali lenye uzito. Vocha za zamani zilikuwa na stakabadhi nyingi.

Tatizo la mapitio haya ni muda. Mfuko ulionunuliwa Novemba 2022 uliingia katika mwaka wa fedha ulioishia tarehe 30 Juni 2023. Sheria inampa CAG miezi tisa baada ya hapo, hivyo taarifa ilikabidhiwa mwishoni mwa Machi 2024 na kufika Bungeni mwezi uliofuata. Kati ya siku mkulima alipobeba mfuko na siku wabunge waliposoma taarifa ya mwaka huo, msimu mzima mwingine wa kupanda ulikuwa umepita kwa utaratibu ule ule. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC) huanza kuwahoji maafisa masuuli baada ya hapo, na majibu ya hoja huchukua muda wake.

Uingereza imechagua njia tofauti. Sheria yake ya Udhibiti wa Ruzuku ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, inataka ruzuku kubwa zaidi kwa kampuni zipelekwe kwanza kwenye kitengo maalumu ndani ya mamlaka ya ushindani. Kitengo hicho hutoa taarifa ya wazi kabla ya fedha kutolewa. Ushauri wake haumfungi mtoa ruzuku, lakini huwa umeshasomwa na umma. Zaidi ya hayo, ruzuku nyingi huorodheshwa katika kanzidata iliyo wazi kwa yeyote, pamoja na jina la kampuni iliyolipwa.

Tanzania haina sheria moja ya jumla ya ruzuku kwa biashara. Ruzuku ya mbolea ina msimamizi wake, na ile ya mafuta ya shilingi bilioni 100 iliyoanza Juni 2022 ilipita katika sekta nyingine yenye taratibu zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki inagusa suala hili katika Itifaki ya Umoja wa Forodha ya mwaka 2004 na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2006, kwa lengo la kuzuia ruzuku ya nchi moja isiharibu soko la nyingine. Kuiga sheria ya Uingereza kwa mbolea huenda kusifae, kwani mwezi mmoja wa mapitio ukiangukia Oktoba ni mwezi ambao Kingerikiti haiwezi kuupoteza. Kinachowezekana bila sheria mpya ni uwazi wa majina: kampuni ipi imelipwa kiasi gani, kwa mifuko mingapi, iliyouzwa katika kata ipi.

Njia ya kisheria ya kudai hilo ipo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30, isipokuwa taarifa zilizozuiwa na sheria yenyewe. Vilevile, Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kukutana angalau kila miezi mitatu, unaweza kusomewa daftari la wakulima: jina, ekari, idadi ya mifuko. Wanaosikiliza wanafahamiana, na wanajua shamba la kila mmoja linaanzia mto upi na kuishia kilima kipi. Mkaguzi kutoka Dodoma atahitaji siku kadhaa na gari kugundua ekari ishirini zisizokuwepo. Mkutano wa kijiji utazigundua kabla msomaji hajamaliza ukurasa, iwapo daftari litasomwa Septemba, wakati mifuko bado iko ghalani.